John Muir: Mzee wa mkate na chai aliyeilinda Yosemite

JUNI 3, 2017, Mmarekani Alex Honnold alisimama chini ya mwamba wa El Capitan, akapaka chaki mikononi na kuanza kupanda. Hakuwa na kamba, hakuwa na mtu wa kumdaka. Ukuta wenyewe una zaidi ya mita 900 za graniti iliyosimama wima, na ukiteleza pale hakuna refa wa kupuliza kipyenga mpira urudiwe. Baada ya muda usiofika saa nne, jamaa alikuwa juu anacheka.

Dunia ya michezo ikamzungumzia wiki nzima. Lakini wachache waliuliza swali ambalo shabiki yeyote wa soka angeuliza: ule uwanja ni wa nani? Nani alihakikisha haukuuzwa, haukujengwa, haukugeuzwa kitu kingine mpaka Honnold akazaliwa na kuukuta?

Majina ni mengi, ila nahodha wao anajulikana. Ni John Muir, mtoto wa Kiskoti mwenye ndevu ndefu aliyefariki Desemba 24, 1914, miaka 21 kabla ya Yanga kuanzishwa na 22 kabla ya Simba. Alicheza mechi mbili kubwa kwa ajili ya bonde la Yosemite na majirani zake. Moja alishinda. Nyingine alipigwa, na kipigo hicho alikwenda nacho kaburini.

MTOTO WA KISIMANI

Muir alizaliwa Aprili 21, 1838 katika mji wa Dunbar, pwani ya mashariki ya Scotland. Utotoni mchezo wake ulikuwa kupanda kuta za ngome mbovu iliyokuwa pale karibu na bahari. Mwaka 1849, akiwa na miaka 11, familia ilihamia Marekani, jimbo la Wisconsin, kufungua shamba porini.

Baba yake, Daniel, alikuwa mtu wa dini asiyetaka mchezo. Alimkaririsha mwanaye Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale, na akikosea fimbo ilikuwa inaongea. Shambani hali ilikuwa hivyo hivyo. Walipohitaji maji, kijana alishushwa kwa kamba kila asubuhi kuchimba kisima kwenye mwamba kwa nyundo na patasi, akapandishwa jioni. Alipofika mita 24 hivi, hewa mbaya iliyojikusanya chini ilimzidi nguvu, akawa anazimia. Walimvuta juu akiwa nusu mfu. Akapumzika siku chache, kisha baba akamrudisha shimoni kumalizia.

Mtu aliyepitia hayo huwa wa aina mbili: ama anauchukia mwamba maisha yake yote, ama anauzoea kama ndugu. Muir akawa wa aina ya pili.

Kichwa chake kilikuwa cha fundi. Alikuwa akiamka saa saba usiku kuchonga saa za mbao na mashine, na alitengeneza kitanda kinachomwamsha mtu kwa kumsimamisha wima. Alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaondoka bila shahada, akaingia viwandani. Mwaka 1867, akiwa kwenye kiwanda cha vifaa vya magari ya farasi mjini Indianapolis, tupa ilimchomoka ikamwingia jicho la kulia. Jicho la pili nalo likazima kwa mshtuko. Wiki kadhaa alilala chumba cha giza akijua kwamba mchezo umekwisha.

Macho yakarudi. Alipoona tena mwanga, aliamua kwamba hatayatumia kutazama mashine. Septemba mwaka huo huo akaanza kutembea kwa miguu kutoka Kentucky mpaka pwani ya Florida, kilomita 1,600 hivi. Huko malaria ikamlaza, na sisi wa huku tunajua shughuli yake. Alipopata nafuu akapanda meli, akapitia Cuba na Panama, na Machi 1868 akashuka San Francisco. Hapo akaulizia njia ya kutoka mjini, akaelekea Yosemite.

UWANJA WENYEWE

Anayetaka kupata picha ya Yosemite aanze na mawe ya Mwanza, yale makubwa ya kijivu yaliyokaa ziwani na vilimani. Jiwe ni la aina hiyo hiyo, graniti. Ni uji wa moto uliopoa polepole chini kabisa ya ardhi ukawa mgumu kupindukia, kisha udongo wa juu ukaondoka, mwamba ukabaki wazi. Sasa chukua jiwe hilo ulikuze mpaka liwe ukuta wa kilomita nzima kwenda juu, uweke mwingine upande wa pili, katikati upitishe mto, majani na misonobari. Hapo umekaribia.

Upande mmoja kuna El Capitan. Mwisho wa bonde kuna Half Dome, mwamba kama mkate uliokatwa katikati, wenye kilele cha mita 2,694 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu zaidi, kwenye malisho ya Tuolumne, kuna vilele vilivyochongoka na mawe laini yanayong'aa jua likipiga, utadhani yamepigwa sandipepa.

Mwaka 1869 Muir alipanda huko kama mchunga kondoo wa kuajiriwa. Kondoo hakuwapenda. Aliwaona kama nzige, maana walipopita hapakubaki ua wala jani. Alichopenda ni mawe. Septemba mwaka huo alipanda Cathedral Peak, kilele cha zaidi ya mita 3,300, peke yake na bila kamba. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyefika kwenye jiwe lake la mwisho kabla yake.

Vifaa vyake? Hapa wapanda milima wa leo wenye mabegi ya bei mbaya wanakaa kimya. Mfuko wa mkate mkavu, majani ya chai, kikombe na daftari. Hema hakuwa nalo. Mara nyingi hata blanketi hakubeba. Usiku ukimkuta juu, aliwasha moto na kulala pembeni yake, akiamka kila unapofifia.

MZOZO NA PROFESA

Wakati ule mkubwa wa jiolojia California alikuwa Josiah Whitney. Yeye alifundisha kwamba bonde la Yosemite lilitokea kwa ardhi kudidimia ghafla, kama sakafu iliyobomoka. Muir, ambaye siku hizo alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao bondeni, alisema hapana: bonde limechongwa na barafu, mito mikubwa ya barafu iliyoteremka polepole ikisaga mwamba.

Whitney hakuona sababu ya kujibizana na mchunga kondoo. Muir akajibu uwanjani. Alipanda mwamba baada ya mwamba akitafuta mikwaruzo ambayo barafu huacha kwenye graniti, akapima, akachora. Mwaka 1871 akakuta barafu hai, bado inatembea, kwenye vilele vya juu, na gazeti moja la New York likachapisha maelezo yake. Sayansi ya baadaye ilionyesha kwamba alizidisha kiasi kuhusu ukubwa wa barafu hiyo na kwamba mto nao ulifanya kazi kubwa. Lakini kati ya wale wawili, mchunga kondoo ndiye aliyekuwa karibu na goli.

Isidhaniwe kwamba kupanda kwake kulikuwa kwa kitoto. Mwaka 1872, kwenye mlima Ritter, wenye karibu mita 4,000, alikwama katikati ya ukuta mikono imetandazwa, hawezi kwenda juu wala kushuka. Mwili ukafa ganzi, akaona kifo kimefika. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, akili ikatulia ghafla, macho yakaona kila ufa mdogo, mikono ikafanya kazi kama ya mtu mwingine. Mwaka uliofuata alijaribu mlima Whitney, ulioitwa kwa jina la yule yule profesa. Safari ya kwanza alizidiwa na usiku na baridi, akacheza na kurukaruka mpaka alfajiri ili asigande. Akashuka mjini, akala, akalala, akarudi. Safari ya pili alipita upande wa mashariki, moja kwa moja, mpaka kileleni, mita 4,421. Njia ile wapandaji wanaitumia hadi leo.

Kuhusu Half Dome, wakubwa walishaandika kwamba binadamu hatakanyaga pale. Mwaka 1875 fundi mmoja Mskoti, George Anderson, alitoboa matundu kwenye mwamba, akapigilia vyuma na kufunga kamba, akafika. Muir naye akapanda mwaka huo huo. Leo nyaya za chuma zilizowekwa mwaka 1919 zinawapandisha maelfu, ila lazima upate kibali kwanza, na mvua ikinyesha ule mwamba unateleza kama sabuni.

MECHI ALIYOSHINDA

Mpaka hapo Muir alikuwa mchezaji mzuri asiye na timu. Mwaka 1880 alioa, akapata mabinti wawili, akawa mkulima wa matunda mji wa Martinez na kutengeneza hela ya maana. Milimani alikwenda kwa nadra, na huko nyuma kondoo na wakata miti wakaendelea kuimaliza nchi ya juu.

Mwaka 1889 akafanya jambo dogo ambalo ndilo lililobadili kila kitu. Alimchukua Robert Underwood Johnson, mhariri wa jarida kubwa la New York, wakapiga kambi kwenye malisho ya Tuolumne. Mhariri akashangaa: maua yote aliyoyasoma kwenye makala za Muir yako wapi? Muir akamwonyesha nyayo za kondoo. Pale kwenye moto wa kambi wakapanga mashambulizi. Muir aandike, Johnson achape na kuwabana wabunge. Oktoba 1, 1890 sheria ya Hifadhi ya Taifa ya Yosemite ikapita. Mwaka 1892 Muir na wenzake wakaanzisha Sierra Club, na yeye akawa mwenyekiti wake mpaka kufa.

Kulikuwa na kasoro moja. Bonde lenyewe, lenye El Capitan na Half Dome, lilikuwa bado mikononi mwa jimbo la California tangu 1864, na lilitunzwa ovyo. Mei 1903 Rais Theodore Roosevelt akaja. Wakubwa wa jimbo walimwandalia karamu na fataki. Roosevelt akawakwepa kama winga, akaenda kulala nje usiku tatu na Muir, mzee wa miaka 65. Usiku wa kwanza walilala chini ya miti mikubwa ya Mariposa. Wa pili, juu karibu na Glacier Point, theluji ikawaangukia, wakaamka mablanketi yamefunikwa, Rais akifurahi kama mtoto. Wa tatu walilala bondeni, mbele ya mwamba wa El Capitan. Maneno Muir aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, lakini mawe ndiyo yaliyoongea zaidi. Mwaka 1906 bonde likarudishwa serikali kuu na kuunganishwa na hifadhi.

Ukiangalia vizuri utaona mbinu yake. Muir hakushinda kwa kupanda milima. Alishinda kwa kuwalaza watu pale. Mtu akishalala chini ya ule ukuta usiku mmoja, hawezi tena kuusikia ukitajwa bungeni akakaa kimya.

MOMBASA, KISUMU, JINJA

Wasomaji wa pwani na wa ziwani, mzee huyu alipita kwenu. Mwaka 1911, akiwa na miaka 73, alifunga safari ya peke yake kwenda Amerika Kusini kuangalia misitu, akavuka bahari mpaka Afrika. Alitaka sana kuuona mbuyu, akauona kusini karibu na maporomoko ya Victoria. Mapema mwaka 1912 alishuka Mombasa, akapanda treni kupitia Nairobi hadi ziwani, akavuka kwa meli mpaka Entebbe na kuangalia maji ya Nile yakianza safari pale Jinja.

Rafiki yake Roosevelt naye alishuka Mombasa miaka mitatu kabla yake, Aprili 1909, akapanda treni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Roosevelt alikuja na bunduki na msafara mrefu wa wapagazi. Muir alikuja na daftari.

FAINALI ALIYOPOTEZA

Wakati akizunguka huku, nyumbani mechi ilikuwa inaelekea pabaya. Kaskazini ya bonde la Yosemite, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kulikuwa na bonde pacha lililoitwa Hetch Hetchy: kuta za graniti, maporomoko, malisho na mto Tuolumne katikati. Jiji la San Francisco lilitaka kulifunga kwa bwawa lipate maji. Baada ya tetemeko na moto wa 1906 kuliteketeza jiji, hoja hiyo ilipata nguvu. Nani atapinga maji kwa watu waliounguliwa nyumba?

Muir alipinga, akisema maji yapo kwingine na hifadhi ikishavunjwa mara moja hakuna hifadhi tena. Mwaka 1908 waziri wa Roosevelt mwenyewe akatoa kibali cha kwanza. Mwaka 1909 Muir akamtembeza Rais William Taft Yosemite, mbinu ile ile ya zamani, na mradi ukapoa kidogo. Lakini mwaka 1913 ukarudi bungeni kwa nguvu zote. Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 183 dhidi ya 43. Desemba, Seneti ikapitisha 43 kwa 25. Rais Woodrow Wilson akasaini Desemba 19.

Kwa nini Yosemite ilipona na pacha wake akazama? Sababu za kisiasa zipo, na maji ni maji. Lakini mojawapo ni ile ambayo kila shabiki anaielewa. Yosemite ilikuwa na mashabiki. Watu walikwishafika, wakalala, wakapanda, wakachora picha. Hetch Hetchy ilikuwa mbali, barabara mbovu, wageni wachache. Wabunge wengi walipigia kura bonde ambalo hawakuwahi kuliona, na wananchi waliowatuma nao hawakuwahi kuliona. Tunaijua habari hiyo mitaani kwetu: kiwanja kinachojaa vijana kila jioni hakiuzwi kirahisi, ila kile kilichoota majani, siku moja unaamka unakuta ukuta na geti.

Muir alichoka. Mwaka mmoja baadaye nimonia ilimchukua, hospitali mjini Los Angeles, akiwa na miaka 76. Bwawa likakamilika 1923, na maji yake San Francisco inayanywa mpaka leo. Lakini kelele za mechi ile hazikupotea bure. Mwaka 1916 Marekani iliunda idara maalumu ya kusimamia hifadhi zote za taifa, ili jambo kama lile lisirudiwe kirahisi.

DOA KWENYE JEZI

Haki ya mchezo inataka tuseme na hili. Bonde la Yosemite halikuwa tupu kabla ya wageni. Waahwahneechee waliishi pale vizazi na vizazi, mpaka mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kilipowafukuza na kuchoma vijiji vyao. Muir, aliyeona uhai kwenye kila jiwe, aliandika mambo ya dharau kuhusu wazawa, hasa ujanani, na mara nyingi alilieleza bonde kama vile halijawahi kuwa na wenyewe. Mwaka 2020 Sierra Club, klabu aliyoianzisha, ilikiri hadharani upande huo wa mwanzilishi wake. Alijua kwamba anayelala mahali ndiye anayepalinda. Walioanza kulala pale hakuwapa nafasi kikosini.

WALIOBAKI UWANJANI

Novemba 1958 Warren Harding na wenzake wawili walimaliza kupanda El Capitan kwa mara ya kwanza, kazi iliyowachukua siku 40 na ushee za kupanda, zilizotawanyika kwenye miezi 18. Kambi ya wapandaji ikawa Camp 4, uwanja wa vumbi na mahema chini ya misonobari, ambako chakula lazima ukifungie kwenye sanduku la chuma, la sivyo dubu anakula kabla yako. Mafuriko ya 1997 yalipoharibu nyumba za wageni bondeni, ukatokea mpango wa kujenga malazi karibu na pale. Wapandaji waliowahi kulala kwenye vumbi lile walisimama, wakaenda mpaka mahakamani. Mwaka 2003 Camp 4 ikaandikishwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Malazi hayakujengwa.

Leo njia ya miguu yenye jina la Muir inaanzia bonde la Yosemite na kuishia mlima Whitney, kilomita 340 hivi, wiki tatu kwa mwenye miguu ya wastani. Wanaoitembea hubeba hema, jiko na kibali. Yeye alibeba mkate na chai. Upande wa pili wa milima, kwenye kuta za Hetch Hetchy, msitari wa maji bado unaonekana kwenye graniti kila kina kinaposhuka.